Mwaka wa korona ndani ya chumba na sebule, Mbagala: uchambuzi wa kisa

Familia inayochambuliwa hapa ni ya mfano. Imejengwa kwa mambo yaliyowakuta wapangaji wengi wa Mbagala, Tandika na Buguruni, jijini Dar es Salaam, kati ya Machi 2020 na Machi 2021, na hesabu zake zimewekwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Tarehe za nchi ni zilezile zilizotangazwa.

Baba ni mpishi msaidizi wa hoteli katikati ya jiji, mkononi anapata shilingi 380,000 kwa mwezi. Mama ni fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na Rangi Tatu, msimu wa harusi ukiwa mzuri anafikisha 300,000, ukiwa mbaya 200,000. Wana binti wa darasa la saba na mtoto wa kiume wa darasa la kwanza. Bibi, mama mzazi wa baba, ana miaka 68, ana sukari na presha. Wamepanga chumba na sebule katika nyumba yenye kaya tano, choo kimoja na bomba moja uani. Kodi ni 80,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hupokea miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000, na mkataba ulikuwa unaisha Mei 31.

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kutaja ugonjwa. Kaya za namna hii hupata fedha kwa siku na kwa wiki, lakini hulipa mambo makubwa kwa mkupuo: kodi, mchezo wa kijumbe (kupeana fedha kwa zamu), ada ndogondogo za shule, dawa. Mwaka wa kawaida pengo hilo huzibwa na harusi mbili za Juni au bakshishi za wageni wa hoteli. Mwaka 2020 vizibo vyote viwili vilitoka mwezi mmoja.

Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Kamati za harusi zikaanza kuahirisha vikao, na sare zilizokwisha kukatwa zikabaki rafuni bila mtu wa kuzifuata. Mwishoni mwa Machi baba akaambiwa kwa mdomo, "Nenda nyumbani, tutakuita."

Barua ambayo wengi hawakuidai

Maneno hayo ndiyo yaliyowaumiza wafanyakazi wengi wa hoteli kuliko walivyojua. Mtu aliyeambiwa "tutakuita" hajaachishwa kazi, na hayupo kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu za kiuchumi baada ya kutimiza mwaka mmoja kazini anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka alioutumikia, hadi miaka kumi. Baba alikuwa na miaka minne, kwa hiyo ni siku 28. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) nao una fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Likizo bila malipo haifungui mlango wowote kati ya hiyo.

Jirani mmoja alimshauri aandike barua ya kuacha kazi ili "akachukue chake." Ushauri huo ulitembea sana mitaani na ulikuwa wa hatari, kwa sababu anayeacha kwa hiari yake anapoteza fao la kukosa ajira na kiinua mgongo kwa pamoja. Alichofanya baba ni kurudi hotelini wiki ya pili na kuomba barua fupi yenye mambo matatu: tarehe likizo inapoanza, kwamba ni bila malipo, na kwamba ajira inaendelea. Aliipata. Alipoitwa tena Novemba, siku tatu kwa wiki na kwa mshahara pungufu, alirudi akiwa na utumishi wake wa miaka minne haujakatika. Wenzake wasio na karatasi walirudi kama vibarua wapya.

Mchezo wa kijumbe ulivyookolewa

Mama alikuwa katika mchezo wa watu 12, kila mmoja anatoa 20,000 kila Jumatatu, anayepokea anaondoka na 240,000. Mzunguko ulianza Februari 3, na yeye alikuwa namba tisa. Hadi Machi 16 watu saba walikwisha kupokea.

Mchezo hufia hapo. Aliyekwisha kupokea ana deni, aliye nyuma ana imani tu. Biashara ikiyumba, wa mwanzo hukawia "kidogo," wa mwisho huogopa kuendelea kutoa, na kijumbe, yaani yule mama anayekusanya, hubaki akifukuza simu zisizopokelewa. Michezo mingi ya Mbagala ilivunjika Aprili kwa namna hiyohiyo, na kuna marafiki wa miaka mingi ambao hadi leo hawasalimiani.

Huu haukuvunjika kwa sababu kijumbe aliitisha kikao mapema, Machi 21, kabla hajakosa mtu hata mmoja. Uamuzi ulikuwa huu: mchango upunguzwe hadi 10,000, wiki ziongezwe mara mbili. Watu 12 kwa 10,000 ni 120,000 kwa wiki, na kila mmoja wa watano waliobaki anapokea wiki mbili mfululizo, jumla ileile ya 240,000. Wiki tano zikawa kumi, kuanzia Machi 23 hadi Mei 25. Hakuna aliyepoteza shilingi. Angesubiri hadi watu watatu wakose, hesabu hiyo isingewezekana tena, kwa kuwa wasingekuwa wanapunguza mchango bali wanagawana hasara, na hasara haina mpokeaji wa hiari.

Mama alipokea Aprili 6 na Aprili 13. Ile 120,000 ya kwanza ilinunua mchele, unga, maharage na dawa za bibi za miezi miwili. Ya pili ikawa mtaji wa barakoa.

Barakoa: faida ya Aprili, mzigo wa Juni

Aprili, Dar es Salaam ilitaka abiria wavae barakoa, na daladala zikaambiwa zibebe abiria waliokaa tu, level siti. Barakoa za dukani ziliadimika. Fundi yeyote aliyekuwa na pamba na lastiki alipata kazi.

Kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 115 hutoa vipande 30 vya sentimita 19 kwa 20 katika mita moja: sita kwa upana, vitano kwa urefu. Barakoa ya tabaka mbili inakula vipande viwili, kwa hiyo mita moja ni barakoa 15. Ukiondoa sentimita moja ya mshono kila upande na kukunja marinda matatu ya sentimita moja na nusu, inabaki barakoa ya sentimita 17 kwa 9, inayofunika pua hadi chini ya kidevu. Lastiki ni sentimita 36 kwa barakoa.

Mama alinunua mita 20 kwa 4,000, ikawa 80,000. Lastiki mita 108 kwa 200 ni 21,600, na uzi 9,000. Jumla 110,600 kwa barakoa 300, karibu 370 kila moja. Kwa dakika tisa kwa barakoa alishona 40 kwa siku, akamaliza kwa siku nane. Mia moja aliuza rejareja kwa 1,000, mia mbili jumla kwa 700. Mapato 240,000, faida kama 129,000. Kwa nyumba iliyopoteza mshahara, hiyo ilikuwa pumzi.

Makosa yalikuwepo, na yanafaa kutajwa kwa sababu yalirudiwa na mafundi wengi. Pamba ambayo haikufuliwa kabla ya kukatwa ilinywea baada ya fuo la kwanza, barakoa ikawa ya mtoto. Kitambaa chenye nailoni nyingi kilimpa mvaaji jasho hadi akaishusha kidevuni, na barakoa ya kidevuni haimkingi mtu yeyote. Kipimo rahisi cha fundi ni kukiinua kitambaa juani: ukiona mwanga umepita kama kwenye chandarua, kiache. Kisha lastiki zikapanda hadi 500 kwa mita, na kwa muda mama akahamia kamba nne za kitambaa za sentimita 40, ambazo zinachosha kushona lakini hazilegei.

Kosa kubwa lilikuwa la wingi. Mwanzoni mwa Juni muuzaji alimpa mita 40 kwa 3,500, akaona ni bahati. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alitangaza kuwa nchi haina tena korona, vyuo na kidato cha sita walikwisha kurudi Juni 1, na shule nyingine zikafunguliwa Juni 29. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma wiki kadhaa kabla, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na mtaani watu walisoma ukimya huo kama ruhusa. Barakoa 260 zilizokwisha kushonwa zikabaki kwenye kiroba chini ya kitanda, na ndani yake karibu 87,000 za mtaji. Bidhaa inayouzwa kwa sababu ya tangazo huweza kufa kwa tangazo, na kwa bidhaa ya namna hiyo fundi hununua kitambaa cha wiki moja, hata kama bei ya jumla inamvuta shati.

Chapati na Ramadhani

Baba hakukaa. Ramadhani iliyoanza mwishoni mwa Aprili ilimkuta na jiko la mkaa barazani, akiuza mihogo ya nazi na tambi za futari, na baada ya Idi akabaki na chapati. Kilo moja ya unga, maji kama nusu lita na ushee, chumvi kijiko kimoja cha chai na mafuta kidogo hutoa madonge 13 ya gramu 120 hivi. Kilo tano ni chapati 65, kwa 300 kila moja ni 19,500. Unga 7,500, mafuta 2,500, mkaa 1,500, chumvi na mengineyo 300. Inabaki 7,700 kwa siku.

Siku za mwanzo chapati zilikuwa ngumu ifikapo saa nne asubuhi. Donge lilipumzishwa dakika kumi tu kwa haraka ya wateja. Alipoanza kukanda saa kumi na moja alfajiri na kulifunika kwa kitambaa kibichi dakika 40, zikalainika hadi mchana. Lakini kilichokaribia kuua biashara ni daftari la madeni. Mwezi wa kwanza walidaiwa 46,000, sawa na faida ya siku sita, na wadaiwa ni majirani wa choo kimoja. Walikubaliana kuwa mkopo ni wa chapati mbili, usizidi Ijumaa. Bibi ndiye aliyewekwa kukusanya, kwa kuwa mtaani hakuna anayeweza kumkunjia uso mama mzee.

Tuseme wazi, mwezi ule ulikuwa na furaha yake. Baba ambaye kwa miaka minne alirudi saa nne usiku watoto wamelala, sasa alifuturu nao kila siku. Binti alijifunza kusukuma chapati ya duara. Na Mei mama akajua kuwa ana mimba ya miezi miwili.

Kodi

Aprili 18, wiki sita kabla ya mkataba kuisha, walimfuata mwenye nyumba. Hawakwenda kuomba msamaha wa kodi. Walikwenda na pendekezo: badala ya 480,000 Juni 1, walipe 160,000 kila miezi miwili, siku ya kwanza ya mwezi, na wakichelewa siku saba taratibu za kuondoka zianze. Iliandikwa nakala mbili, ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye nyumba alikubali kwa sababu anayoijua kila dalali: vyumba viwili uani vilikuwa tayari vitupu, na mpangaji anayelipa kidogokidogo ni bora kuliko chumba kinachokaa miezi mitatu. Wapangaji waliojitokeza Juni 1 wakiwa mikono mitupu walikuta hasira, maana kwa mwenye nyumba habari ya ghafla inafanana na ujanja.

Bibi, nyungu na asali

Kujitenga kwa mzee ndani ya chumba na sebule hakuwezekani kama ilivyochorwa kwenye mabango. Kilichowezekana ni hiki. Kitanda cha bibi kilihamishiwa chini ya dirisha la sebule, dirisha likabaki wazi mchana kutwa. Ndoo ya lita 20 yenye koki ikawekwa mlangoni na sabuni ya kipande ndani ya soksi iliyofungwa kwenye mpini. Kwa nusu lita kila anayenawa, ndoo moja ni mikono ya watu 40. Choo cha kaya tano kilipangiwa zamu ya kusafishwa kwa klorini: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu.

Hatari kwa bibi ilitoka pia kwenye tiba za mapenzi. Kila mgeni alikuja na tangawizi, limao, vitunguu saumu na asali. Vikombe vitatu vya asali kwa siku vilipandisha sukari yake hadi 15 (milimoli kwa lita) kabla ya kula, ilhali lengo ni kati ya 4 na 7. Waliondoa asali, tangawizi ikabaki, sukari ikashuka ndani ya wiki. Ramadhani alitaka kufunga. Daktari akamweleza kuwa ikishuka chini ya 4 au kupita 16.7 lazima afungue palepale, na kwa hali yake ni bora atoe fidia. Alilia, kisha akatoa.

Nyungu ni jambo la kusema kwa upole kwa sababu watu waliipenda kwa dhati. Mvuke wa mwarobaini, mchaichai na mkaratusi hulegeza mafua, lakini hauui kirusi. Kwa mgonjwa wa sukari ambaye miguu imepoteza hisia, sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi ni ajali inayosubiri, kwa kuwa anaungua bila kujua. Katika nyumba hii aliyeungua ni mtoto wa darasa la kwanza, aliyejipenyeza chini ya blanketi na kuipiga sufuria kwa goti. Mama alimpeleka moja kwa moja bombani na kumwagia maji ya kawaida kwa dakika 20. Jirani alikuja na dawa ya meno, akazuiwa. Dawa ya meno, mafuta na chumvi hufunga joto au huchubua ngozi. Paja lilibaki na alama ndogo tu.

Watoto wawili, shule mbili

Mawazo yote yalikuwa kwa binti, kwa kuwa ndiye wa mtihani. Simu janja ilikuwa moja na mama aliihitaji kwa wateja, kwa hiyo baada ya saa mbili usiku binti alinakili kwa mkono picha za maswali walizotuma walimu. Mitihani ya nyuma ilichapishwa steshenari kwa 100 kila ukurasa. Kila asubuhi alifanya vipindi vitatu vya dakika 40, Hisabati kwanza. Alifanya mtihani Oktoba 7 na 8, akafaulu.

Mdogo wake alisahauliwa, na hapo familia ilikosea. Mtoto wa darasa la saba hupoteza mada. Wa darasa la kwanza hupoteza ufunguo wenyewe, kwa sababu Machi alikuwa anajua ba, be, bi bila kuziunganisha, na miezi mitatu bila kusoma inatosha kuzifuta. Aliporudi shule mwisho wa Juni hakuweza kusoma neno "baba." Bibi alichukua kazi hiyo: dakika 15 kila alasiri, silabi zilizoandikwa kwa mkaa kwenye boksi la unga, maneno mapya matano, ya jana yanarudiwa kwanza. Hadi Novemba alikuwa anasoma sentensi fupi.

Mtoto wa kike alizaliwa wiki ya mwisho ya Desemba. Mama alikuwa ameweka akiba ya 3,000 kila wiki tangu Juni kwa ajili ya glavu, pamba, kibanio cha kitovu na khanga, maana huduma ya uzazi ni bure lakini vifaa vina tabia ya "kuisha" usiku. Akika ilikuwa mbuzi mmoja siku ya saba, watu wachache, uani.

Februari

Mwanzo wa 2021 mtaani, badala ya korona, lilizagaa neno "changamoto ya upumuaji." Februari bibi alipata homa na kikohozi. Jirani aliwaazima kipima oksijeni cha kidole. Usomaji wa kwanza ulikuwa asilimia 88, wakataharuki, kumbe kucha zilikuwa na rangi nzito ya sherehe na vidole vya baridi. Walifuta rangi, wakasugua mkono hadi ukapata joto, wakasubiri dakika nzima namba itulie: 95. Siku ya tatu ikawa 92. Chini ya 94 mzee mwenye sukari hasubirishwi, na siku hiyohiyo alipelekwa hospitali, akawekewa oksijeni.

Alipewa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku. Dawa hiyo huokoa mgonjwa anayehitaji oksijeni, haimsaidii asiyeihitaji, na hupandisha sukari sana. Watu walioinunua duka la dawa na kuimeza nyumbani siku ya kwanza ya homa walijidhuru. Kwa bibi, sukari ilipimwa mara nne kwa siku na akachomwa insulini kwa muda, jambo lililowezekana kwa sababu alikuwa wodini.

Februari 21 Rais Magufuli alihimiza wananchi kuvaa barakoa zinazotengenezwa nchini. Kiroba kikatolewa chini ya kitanda. Lastiki za miezi minane kwenye joto la bati zilikuwa zimekauka, zikikatika kwa kuvutwa. Mama alizifumua zote 260 na kuweka kamba, siku nne za kazi akiwa na kichanga mgongoni. Ziliisha ndani ya wiki mbili kwa 1,000, na fedha hiyo ililipa kodi ya miezi miwili ikabaki na akiba ya dawa.

Bibi alirudi nyumbani Machi 5. Mjukuu wake alichukua pakiti ya dawa, akaweka kidole chini ya maandishi ya mfamasia, akasoma polepole: "Ki-do-nge ki-mo-ja, ma-ra mbi-li kwa si-ku, ba-a-da ya ku-la." Bibi akamwambia arudie mstari, maana aliruka neno "asubuhi."